Picha arobaini za Irente, na moja ya mama mkwe

Likizo ya Juni tulipanda Lushoto. Kupanda hasa, maana ukishaiacha barabara kuu pale Mombo, kilomita 33 zilizobaki ni kona juu ya kona, na mwanangu wa kati alitapika hata Soni hatujafika. Garini tulikuwa sita: mimi, mke wangu, watoto watatu na mama mkwe, mtu wa Pangani, ambaye aliuliza mara mbili njiani kama kweli kuna watu wanaolipa hela kwenda kutafuta baridi.

Wapo, tena tangu zamani. Wajerumani waliuita mji huo Wilhelmstal, wakawa wanakimbilia huko joto la pwani likiwazidi. Kamera nazo hazikuchelewa. Kabla ya 1914 mpiga picha wa kazi, Walther Dobbertin, alikuwa akipiga picha katika koloni lile, na kazi zake zimo mpaka leo kwenye hifadhi ya nyaraka ya taifa ya Ujerumani. Mimi nimekuja karne nzima baadaye, na kamera ya mtumba ya Kariakoo.

Siku ya pili tukaenda Irente, kwenye ukingo wa mlima unaotazama bondeni. Ukisimama ukingoni, Mazinde iko kama mita 1,000 chini yako, mkonge umepangwa kama mistari ya daftari, halafu nyika ya Umasaini mpaka macho yachoke. Magoti yanalegea. Nikapiga picha arobaini. Usiku nikazikagua chini ya blanketi: anga jeupe, nyika ya kijivu, na lile genge la kutisha limekuwa kama ngazi ya barazani. Tulifika saa saba mchana, jua liko utosini, vivuli hakuna, vumbi la bondeni limeshafuta umbali wote. Na lenzi pana kazi yake ni kukisogeza mbali kila kitu. Anayeitaka picha ile inabidi awe pale saa kumi na mbili alfajiri, na ukungu ukimkatalia arudi kesho, na keshokutwa. Mwenye watoto watatu ana alfajiri ngapi za namna hiyo?

"Baba watoto, umekuja na sisi au umekuja na kamera?" mke wangu aliniuliza palepale ukingoni.

Sikumjibu, lakini swali limenikaa. Nadhani sisi wapiga picha wa ridhaa tunapotea tukishindana na wenye kadi za posta. Wao wana muda, wana vifaa, wanalipwa kusubiri. Sisi tuna kitu kimoja ambacho wao hawana: tunawajua watu wetu.

Siku ya tatu ilikuwa ya rasharasha kutwa. Kipupwe cha kule si mchezo. Tulikolala tuliahidiwa moto sebuleni. Kuni zilikuwa mbichi, tukaambulia moshi, familia nzima ikahamia jikoni. Nikatoa kamera kwenye chumba cha baridi, nikaingia nayo kwenye mvuke wa masufuria, lenzi ikaziba papo hapo. (Ikikutokea, iache mfukoni mwake kama robo saa ipate joto. Usifute kwa shati kama nilivyofanya mimi.)

Mama mkwe amekaa mlangoni, kikombe mikononi, khanga kichwani, sweta mbili mwilini, na ya juu ni ya shule, ya mjukuu wake. Nje ukungu umetanda kama shuka jeupe lililoanikwa, mwanga ukawa laini usoni pake, hakuna kivuli kikali. Sasa, mama huyu ana tabia yake. Akitaka kusema neno la kuchekesha, kwanza hugonga kikombe kwa pete, mara mbili. Nimemsoma miaka kumi na minne. Alipogonga ya kwanza nikainua kamera. Ya pili, nikalenga jicho.

"Hivi hii chai imetiwa maji, au maji yametiwa chai?"

Nikafyatua. Nyuma yake mke wangu ameshaangua kicheko, mpishi kaziba mdomo kwa kanga ya kushikia sufuria. Kona moja ya picha ina ukungu wa lenzi. Mtaalamu angesubiri acheke ndipo apige, na angemkosa, maana kicheko chake hakikai. Anacheka, kisha anarudi kuwa mkwe.

Tukirudi nilisimamisha gari Soni, nikamnyooshea kamera mama mmoja mwenye ndoo za karoti. Akajifunika uso kwa khanga. "Nunua kwanza." Alikuwa na haki, nikanunua, na akakubali nimpige. Akasimama wima kama yuko studio anapiga picha ya kitambulisho. Mimi namjua nini, hata nijue anacheka lini?

Dar nikamwonyesha mama mkwe ile ya jikoni. Akaitazama sana, akaniita taratibu. "Mkwe wangu, hii usiitume kwenye grupu la ukoo. Na sweta ya mtoto hii? Tuma ile ya mlimani."

Nikatuma ya mlimani, ile yenye anga jeupe. Ndugu wote wakaijibu: mashaallah, hapo ni wapi?