Msiitupie chai lawama zote
Makala yenu imeibebesha chai ya moto mzigo wote wa saratani ya umio, yaani njia ya chakula kutoka kooni hadi tumboni, huku Bomet, Kenya. Sawa, mwaka 2016 shirika la utafiti wa saratani la WHO lilisema vinywaji vinavyozidi nyuzi 65 za Selsiasi huenda vinasababisha saratani. Lakini pombe zetu za kienyeji, busaa na chang'aa, mbona hazikutajwa? Pombe ikiingia mwilini, seli huivunja kuwa asetaldehaidi, sumu inayoharibu DNA kabla kimeng'enya kingine hakijaigeuza kuwa asetati. Bakteria wa mdomoni nao huitengeneza sumu hiyo, kwa hiyo kila ukimeza mate inapita umioni. Hata mursik, maziwa yetu ya kuchachuka, ilipimwa ikakutwa nayo! Mzee anashushia chang'aa kwa chai inayofuka, sigara mkononi, halafu mnalaumu kikombe tu?