Fadhaa ya Laki Nne na Nusu

Somo la siku lilikuwa 1 Petro 5:7, "huku mkimtwika yeye fadhaa zenu zote," na mchungaji alilikamua hasa. Alisema ukishamtwika mtu mzigo wa kuni, humfuati nyuma ukiwa umeshikilia kamba. Tukacheka, tukaitika Amina. Kisha akaagiza kila mtu aandike fadhaa yake, aitumbukize kwenye kapu mbele ya madhabahu na arudi mikono mitupu.

Karatasi zikaisha kabla hazijafika kwetu sisi waimba besi. Mhudumu wa zamu, mtu wa maarifa, akatuambia tutumie bahasha zetu za ahadi, zile zenye namba ya msharika.

Fadhaa yangu ilikuwa kodi. Mwenye nyumba wangu hapa Kimara anataka ya miezi sita kwa mkupuo, na chumba cha elfu sabini na tano kwa mwezi kinazaa laki nne na nusu ambayo mshahara wangu haujawahi kuonana nayo. Ndege wa angani hawapandi wala hawavuni, sawa, lakini pia hawagongewi mlango saa kumi na mbili asubuhi na mwenye kiota. Sikutaka kumchosha Mungu na maelezo. Ajuaye yote anahitaji tarakimu tu. Nikaandika: "450,000/=, kabla ya tarehe 30." Usiku huo nilikoroma hadi jirani akagonga ukuta.

Jumapili iliyofuata, wakati wa matangazo, mwenyekiti wa kamati ya ujenzi akapanda na daftari. Kumbe lile kapu lilipitia kwa mhazini.

"Washarika, Roho ametenda! Ahadi za bati zimevuka lengo!"

Akaanza kusoma. Mama mmoja wa sauti ya kwanza akapongezwa kwa kutoa pikipiki; maskini, fadhaa yake ni mwanawe anayeendesha bodaboda usiku. Mzee mwingine alikuwa ameahidi figo. Hapo msomaji alisita kidogo, akasema kamati itaona namna ya kuipokea.

"Bahasha namba 118, laki nne na nusu, kabla ya tarehe 30! Yuko wapi? Asimame tumwone!"

Besi wenzangu wakaninyanyua kwa makwapa. Vigelegele. Nikapunga mkono, ungefanyaje? Macho yakaniangukia benchi la wazee wa kanisa, ambako mwenye nyumba wangu alikuwa ameacha kupiga makofi.

Alinisubiri nje kwenye mnada, jogoo wa sadaka akiwa amefika elfu thelathini. Akanishika mkono, hakuuachia.

"Kijana wangu, Bwana Yesu asifiwe."

"Amina, mzee."

"Juzi ulisema huna hata hela ya maji."

"Kweli, mzee."

"Ila ya bati unayo."

Nikamweleza yote, ya bahasha, ya kapu, ya Petro, nikiurusha huku na huku ule mkono mmoja uliobaki huru. Akanisikiliza bila kupepesa. Jogoo akapanda hadi elfu arobaini.

"Kwa hiyo," akasema taratibu, "ile fadhaa uliyoipeleka madhabahuni ni mimi?"

Mkono wangu ukagandia hewani.

"Elfu arobaini na tano!" akapaza sauti aliyekuwa akinadi, kidole kikinielekea. "Namba 118, mtoaji wetu! Mara ya kwanza! Mara ya pili!"