Neno la siri
Kabla hamjaletewa ya Jongoo, mwenzangu wa kambini enzi zile, someni kwanza yangu. Najua video imeshasambaa, maana binti yangu kanipigia toka Mbagala akicheka mpaka salio likamwishia. Jumamosi harusini Jongoo alipewa kipaza sauti awape maharusi nasaha za wazee, akaona nasaha zenyewe ni mimi.

Anasema nililia. Sikulia! Mengine tutayaweka sawa humu.

Mambo ya 1978 mnayajua: Amin kaingia Kagera mwishoni mwa Oktoba, daraja la Kyaka limelipuliwa, Mwalimu katuambia redioni kwamba uwezo wa kumpiga tunao, sababu tunazo, na nia tunayo. Mimi nia nilikuwa nayo. Uwezo ndio nikaufuata Tabora kwa treni, kambi moja nje ya mji, nikanyolewa kipara na kukabidhiwa bunduki ya mti.

Tatizo Zuhura alibaki Ujiji.

Vijana wa leo mtu wake akikawia kujibu ujumbe nusu saa anasema ameumizwa. Sisi barua ilikuwa inakuja ikipenda. Na Tabora yenyewe haikunisaidia, maana imejaa miembe kama Ujiji, njia nzima ya misafara ya zamani ni miembe tu. Niko kwenye mchakamchaka saa kumi na moja alfajiri, afande anatutukania wazazi, mimi nikiinua macho naona mwembe kama ule wa nyuma ya kwao. Napunguza mwendo. Napigwa teke. Naendelea.

Sasa, mtoto wa mjomba alikuwa anafanya kazi kwenye treni ya Kigoma, na ndiye alikuwa posta yangu. Usiku mmoja nikatokea kwenye upenyo wa uzio nyuma ya jiko, nikaenda stesheni, nikapewa barua. Nikaisoma chini ya taa, nikaisoma tena njiani kwa mbalamwezi. Alikuwa ameandika kwamba siku hizi akitumwa Kigoma mjini anazunguka apitie stesheni, hata kama ametumwa chumvi tu na stesheni haiko njiani. Nilipofika hapo kwenye chumvi magoti yalilegea, nasema kweli. (Mama Asha, kama unasoma, hii ni miaka mingi kabla yako.)

Narudi, nakuta kwenye upenyo wangu kuna askari wawili wa doria wanavuta sigara. Hakuna njia ila getini. Nikajipa moyo: lindo la getini ni la Jongoo, na Jongoo ni mtu wangu. Neno la siri la usiku ule nililisikia mwenyewe jioni kwenye gwaride: Isike. Mtemi wa hapohapo Unyanyembe, aliyejilipua na baruti ndani ya boma lake mwaka 1893 kuliko kukamatwa na Wajerumani. Jina jepesi, silabi tatu. Hata mtoto halimpotei.

"Simama! Nani?"

Nikasimama. "Rafiki."

"Rafiki, sogea. Neno la siri?"

Nikashangaa Jongoo anavyokazana, sauti kavu, kifua mbele, kama hatujawahi kula sahani moja. Kumbe nyuma yake gizani kuna sajini. Sikumwona. Mimi kichwani nilikuwa bado stesheni ya Kigoma, namwangalia mtu aliyetumwa chumvi. Nikafungua mdomo, na mdomo ukatangulia.

"Zuhura."

Na msidhani nililisema kijeshi. Nililisema taratibu, kwa ile sauti ya kumwita mtu dirishani mama yake asisikie.

Kimya. Vyura wa bondeni nao, nafikiri, walinyamaza. Jongoo akaninong'oneza, meno yamebana: "Siyo huyo, we!"

Hapo mwenye akili angeshtuka. Ila ile sauti ya pili, ya sajini, ikatoka gizani: "Rudia, kuruta." Na mimi nilishafundishwa kwamba afande akisema rudia, ni kwamba hujapaza sauti. Nikabana visigino, nikatoa kifua, nikapaza mpaka kombania ya pili wakaamka:

"ZUHURA, AFANDE!"

Sajini akasogea. Tochi ikanipanda toka kwenye buti, polepole, ikapita mkononi kwenye barua, ikaishia usoni.

"Zuhura ndiye nani?"

"Wa Ujiji, afande."

Jamani. Nimeulizwa swali la usalama wa taifa, najibu wa Ujiji!

"Kwa hiyo Amin akifika hapa getini akasema Zuhura wa Ujiji, tumpishe?"

"Hapana, afande. Yeye hamjui."

Jongoo ndipo alipoangusha bunduki. Kwenye harusi kasema aliiweka chini kwa huruma. Aliiangusha kwa kicheko, na ndiyo maana alikula adhabu pamoja nami: kichurachura uwanja mzima wa gwaride, kila mruko unataja jina.

Mngedhani yameisha. Kesho yake jioni, gwaride limetulia, ofisa wa zamu akasoma bila hata kupepesa jicho: "Neno la siri la leo, Zuhura. Lindo la getini..." akanitaja mimi. Usiku kucha kambi nzima ilikuwa na haja ya kutoka na kurudi. Mmoja analisema kwa mahaba. Mwingine, Msukuma mmoja, "Zuhula", nikataka kumkatalia. Ustadhi wetu wa hanga la tatu alilisema ameinamisha uso kwa aibu, na huyo ndiye aliyenichoma kuliko wote. Na kila mmoja sheria inanitaka nimwambie: "Pita, rafiki."

Vita sikuiona. Kampala ilianguka 11 Aprili 1979 sisi tukiwa bado Tabora tunachimba mahandaki, na hilo ndilo Jongoo alilolitoa mbele ya wajukuu niliowasimulia miaka yote jinsi tulivyovuka mto Kagera. Nikarudi Ujiji. Stanley alimkuta Livingstone wake palepale 1871. Mimi Zuhura sikumkuta, ameshaolewa na fundi cherehani wa Mwanga. Basi.

Mama Asha toka Jumamosi hajaniuliza kitu. Anapika, anatabasamu mwenyewe. Leo asubuhi intaneti ya nyumbani ikakataa kwenye simu yangu. Nikamwita mjukuu, akasema wamebadilisha nywila. Nikamuuliza ni ipi.

"Babu, si unaijua."

Na mke wangu toka jikoni: "Inaanza na herufi kubwa!"