ICU ya moyo: pesa iende kwenye mashine au kwa manesi?

ICU ya moyo, yaani chumba cha wagonjwa mahututi wa moyo, ikifunguliwa popote pale kinachopigwa picha ni mashine, monita mpya, pampu, waya kila kona, na watu wengi wanaamini uokoaji wenyewe uko hapo. Mimi naona manesi wanasahaulika mno kwenye hii mada.

Mwaka 1961 daktari Desmond Julian wa Edinburgh alipendekeza wagonjwa wa shambulio la moyo wakusanywe sehemu moja, wafungwe monita yenye alamu, na hapa ndo penye uzito, manesi waliofundishwa waruhusiwe kuanza kumfufua mgonjwa bila kumsubiri daktari. Mwaka 1967 madaktari Killip na Kimball wa New York wakatoa ripoti ya wagonjwa 250: kwa wale ambao hawakuwa kwenye shoki, yaani moyo kushindwa kusukuma damu ya kutosha mwilini, waliokufa kitengo maalumu ni asilimia 7, wodi za kawaida asilimia 26.

Tofauti yote hiyo imetoka wapi? Moyo ukianza kutetemeka ovyo badala ya kupiga, kila dakika inayopita bila kushtuliwa kwa umeme, kama hakuna anayekandamiza kifua, nafasi ya kupona inashuka kwa asilimia 7 mpaka 10. Kila dakika jamani! Daktari wa zamu apigiwe simu, aamke, avae viatu, apande ngazi, dakika tano zimeisha na karibu nusu ya nafasi imeondoka nazo, wakati mashine ya kushtua ilikuwa hapohapo pembeni ya kitanda na nesi amesimama anaiangalia kwa sababu hajaruhusiwa kuigusa.

Halafu kuna yale ambayo alamu haisemi. Mgonjwa yuko kwenye dripu ya dawa ya kupandisha presha, monita inasoma vizuri tu, nesi akimshika miguu ni ya baridi, mfuko wa mkojo tangu saa iliyopita haujaongezeka kitu, na mtu aliyekuwa anaongea vizuri asubuhi sasa anachanganya maneno. Damu haifiki inakotakiwa. Kuyaona hayo mapema kunataka nesi mwenye wagonjwa wawili, au mmoja tu kama mgonjwa ni mahututi zaidi, ukimpa watano atabaki kukimbizana na alamu zinazolia kwa sababu waya umelegea.

Wanaotetea mashine nao wana hoja nzito, tusiwapuuze. Utafiti wa DanGer Shock wa 2024 uliweka pampu ndogo ndani ya moyo kwa wagonjwa wa shoki waliochaguliwa kwa makini, vifo ndani ya siku 180 vikawa asilimia 45.8 dhidi ya 58.5 kwa wasiowekewa. Hao ni watu wamerudi nyumbani. Ila waliowekewa walivuja damu zaidi na kupata shida za miguu kukosa damu zaidi, sasa huo mguu nani anaukagua usiku wa manane? Na utafiti wa ECLS-SHOCK wa 2023, wagonjwa 420 wa shoki, waliowekewa mashine kubwa ya kuzungusha damu nje ya mwili walikufa asilimia 47.8 dhidi ya 49.0 ya wasiowekewa, yaani hakuna tofauti ya maana, huku kuvuja damu kukiwa zaidi ya mara mbili.

Kwa hiyo hospitali yenye bajeti ya kubana mimi ningeiambia ijaze kwanza zamu ya usiku, iwafundishe manesi kushtua moyo na iwape ruhusa hiyo kwa maandishi, pampu ije baadae, tena kwa wagonjwa inaowafaa tu.