Punda anatibiwa kwa wasia, mgonjwa anangoja mchango

Wiki tatu zilizopita, saa nane za usiku, simu yangu iliita mfululizo. Ni kundi la WhatsApp la mtaa wetu hapa Langoni, mjini Lamu. Mama mmoja wa jirani amezidiwa, madaktari wamesema apelekwe Mombasa. Orodha ikaanza kushuka: namba moja, mia tano, namba mbili, mia mbili, namba tatu, elfu moja. Kila anayetuma kwa M-Pesa huinakili orodha yote, huongeza jina lake chini, kisha huirudisha kundini. Watu wawili wakituma kwa pamoja, jina la mmoja hupotea, na mweka hazina wetu lazima akae macho kuoanisha orodha na ujumbe wa simu yake. Ilipofika alfajiri tulikuwa kwenye namba 41 na pesa zimetosha.

Muda wote huo mwenye boti alikuwa gatini akingoja hela ya mafuta ya kuvuka hadi Mokowe, upande wa bara. Kutoka Mokowe kuna zaidi ya kilomita 300 za barabara, upitie Witu, Garsen na Malindi. Alhamdulillahi, yule mama alifika na yu hai. Lakini zile saa tatu za kungoja orodha ijae bado zinanikaa rohoni.

Nimekitumikia chama chetu cha mtaa kwa miaka sita. Ni chama kidogo: tunalipia nauli za wagonjwa, sare za mayatima, sanda na mazishi ya asiye na watu. Fedha zetu nyingi huja mwezi wa Ramadhani kwa bahasha. Kinamama hupika mahamri na mikate ya mofa, wakauza, faida ikaingia katika mfuko wa chama. Na kuna wageni watalii wa Shela na Manda, ambao wengine wana moyo mkubwa kweli.

Ila wageni ni kama pepo za bahari, zina misimu yake. Kusi ikikaza, nyumba za wageni hufungwa. Na sisi wa Lamu tumeona makubwa kuliko kusi: utekaji nyara wa 2011, mashambulizi ya Mpeketoni 2014, kisha korona 2020. Kila mara wageni walikatika, na mfuko wa chama ukakauka wakati uleule ambapo mabaharia, wapishi na waongoza wageni walikuwa hawana kazi na shida zimezidi. Mfuko unaojaa watu wakiwa na raha na kukauka wakiwa na dhiki una kasoro, hata kama wanaouendesha ni waaminifu.

Sasa tazameni punda wetu. Shirika la Uingereza liitwalo The Donkey Sanctuary liko Lamu tangu 1987. Punda akiumia mguu au akipata kidonda cha mgongoni, mwenyewe humpeleka kliniki akatibiwa bure, iwe Ramadhani au Mfunguo Sita. Nalisifu shirika hili kwa dhati, maana punda ndiye anayetubebea mawe, mchanga na maji, na ana haki yake. Lakini niliuliza pesa zinatoka wapi, na jibu lilinigusa. Sehemu kubwa ya mapato yao ni wasia: watu huko kwao, kabla hawajafa, huandika kwamba fungu la mali yao liwaendee punda.

Hilo sisi tulikuwa nalo zamani, na tunaliita wakfu: mali isiyouzwa wala kurithiwa, mapato yake yakawa sadaka. Sayyidna Umar alipopata shamba lake la Khaibar, Mtume alimwelekeza alizuie shamba lenyewe na kutoa sadaka mazao yake. Wazee wetu walifuata njia hiyo. Misikiti ya mji huu iliangaliwa kwa minazi, nyumba na maduka yaliyowekwa wakfu. Aliyetoa amekwisha kuzikwa, kodi yake inanunua mafuta ya taa.

Rai yangu ni kwamba chama chetu kinunue duka. Boti sitaki, faida ya boti huliwa na injini. Duka moja dogo la uchochoroni, la kukodisha, na kodi yake iwe ya nauli za wagonjwa tu.

Nilipolitoa hili kikaoni, mweka hazina wetu, mama wa makamo ambaye hajawahi kukosa hata shilingi moja katika daftari lake, alinitazama kwa muda. "Mwanangu," akasema, "mtu ametoa mia yake yatima afuturu. Utamwambia umemnunulia tofali?"

Alisema kweli, nami nilirudi nyumbani kufikiri. Zaka haiguswi, ina watu wake wanane waliotajwa katika Qur'ani, na lazima iwafikie. Mchango wa futari ni wa futari. Fedha za duka ziombwe mbali, kwa jina lake, ziandikwe katika daftari lake.

Hofu ya pili ndiyo kubwa. Niliwahi kuchangia kamati nyingine, mahali pengine, ikanunua nyumba kwa ajili ya wanafunzi. Msimamizi alipofariki watoto wake waliihesabu kuwa urithi, na karatasi hazikuwepo. Yaliniuma, na yananiuma hadi leo. Kwa hiyo duka letu liandikishwe kwa tume ya wakfu iliyoko Mombasa, na hesabu za kodi zibandikwe ukutani kila mwezi, kila apitaye asome. Na wasimamizi wawe na wanawake ndani yake. Mikate wanapika wao, daftari wanashika wao, halafu hati ikiandikwa majina ni ya wanaume watupu! Hilo mimi sitalitia saini.

Kwa walioko Mombasa, Jeddah na Muscat ambao huchangia kila tukipiga kelele usiku: jazakumullahu kheri. Naomba safari hii mtume mchana, hakuna mgonjwa gatini, mtume kwa ajili ya mgonjwa wa mwaka ujao ambaye hatumjui.

Kikao kijacho ni Ijumaa baada ya alasiri, barazani kwa mweka hazina. Bado hajakubali, lakini jana alinipigia kuniambia nije na bei ya mabati, kwa kuwa ameliona duka lenyewe na paa lake linavuja.