Nani Atoe Ruhusa Kabla Jeshi Halijaingia Barabarani?

Juni 25, 2024, waandamanaji waliokuwa wakipinga Mswada wa Fedha waliingia katika majengo ya Bunge jijini Nairobi. Siku hiyo hiyo, Waziri wa Ulinzi wa wakati huo, Aden Duale, alitangaza katika Gazeti Rasmi kwamba Jeshi la Ulinzi la Kenya (KDF) limetumwa kuwasaidia polisi. Kesho yake Bunge la Kitaifa likaidhinisha hatua hiyo. Chama cha Wanasheria, LSK, kikaenda mahakamani.

Kesi hiyo iligusa jambo ambalo kwa maoni yangu ndilo kiini cha mjadala mzima. Kifungu cha 241(3) cha Katiba ya Kenya kina milango miwili ya kulitoa jeshi kambini kwa kazi za ndani ya nchi. Aya ya (b) inasema jeshi litasaidia mamlaka nyingine wakati wa dharura au maafa, kisha litatoa ripoti kwa Bunge la Kitaifa. Aya ya (c) inasema linaweza kutumwa kurejesha amani mahali penye machafuko, lakini kwa idhini ya Bunge hilo tu. Tangazo la waziri lilipitia (b). Yaani serikali ikisema hii ni dharura, inatoa taarifa. Ikisema haya ni machafuko, inaomba ruhusa. Na anayeamua hali iitwe nini ni yule yule anayetaka kuwatuma wanajeshi.

Jaji Lawrence Mugambi wa Mahakama Kuu hakulizuia jeshi. Aliiagiza serikali itangaze ndani ya siku 2 jeshi litafanya kazi gani, wapi na kwa muda gani. Naona agizo hilo lilikuwa la busara, ila lilikuja askari wakiwa tayari wametumwa.

Wanaotetea matumizi ya jeshi wana hoja nzito, na si haki kuwaita wote wapenda udikteta. Mwaka 1957, huko Little Rock, Marekani, Rais Eisenhower alituma askari wa miavuli kuwalinda wanafunzi 9 weusi waliozuiwa kuingia shuleni licha ya amri ya mahakama, huku gavana wa jimbo mwenyewe akiwa upande wa wazuiaji. Bila jeshi, amri hiyo ingebaki karatasi tupu. Julai 2021 Afrika Kusini iliwaka kwa uporaji na uchomaji mali, zaidi ya watu 300 wakafa, na polisi wakaelemewa kabisa. Idhini ya kutumia wanajeshi ikapandishwa hadi 25,000. Mwenye duka aliyekuwa akitazama mali yake ikiteketea hakuwa na muda wa kusubiri hoja za mawakili. Isitoshe, polisi wenyewe si wapole. Wachimba migodi 34 waliouawa Marikana, nchini humo humo, mwaka 2012 walipigwa risasi na polisi, si jeshi.

Hata hivyo, nikipima pande zote mbili, naona hoja ya mafunzo inazishinda hizo. Mwaka 1992, wakati wa ghasia za Los Angeles, polisi waliitwa kwenye nyumba moja Compton kwa sababu ya ugomvi wa kifamilia, wakiwa wameandamana na askari wa Marine, kikosi cha jeshi la Marekani. Risasi za marisawa zikafyatuliwa kutoka ndani kupitia mlangoni. Polisi mmoja akapaza sauti akiomba wamkinge. Kwa polisi, hilo ni ombi la kuelekeza bunduki na kukaa tayari. Kwa mwanajeshi, ni amri ya kummiminia adui risasi ili mwenzako apate kusogea. Risasi zaidi ya 200 zikapigwa kwenye nyumba yenye watoto ndani. Ni bahati tu kwamba hakuna aliyekufa. Askari wale hawakuasi wala hawakuwa na chuki, walifanya walichofundishwa.

Derry, Ireland Kaskazini, bahati hiyo haikuwapo. Januari 30, 1972, wanajeshi wa Uingereza waliwaua watu 13 siku hiyo katika maandamano ya kupinga watu kufungwa bila kesi. Familia zilisubiri hadi 2010 ndipo serikali ikakiri kwamba mauaji yale hayakuwa na sababu yoyote.

Kwa hiyo swali langu si kama jeshi litumike au lisitumike kamwe. Ninauliza ni kizuizi gani kinachofika kabla ya askari. Sheria ya Marekani ya mwaka 1878 inakataza jeshi kufanya kazi ya polisi, lakini ile ya uasi ya 1807 inampa rais nafasi ya kujiamulia mwenyewe bila kura ya Bunge. Juni 2025 askari wa akiba wapatao 4,000 na Marine 700 walipelekwa Los Angeles hata bila kuitumia sheria hiyo ya 1807. Septemba 2 mwaka huo, Jaji Charles Breyer alitamka kwamba sheria ya 1878 ilivunjwa, na serikali ikakata rufaa.

Ujerumani wamebana zaidi. Tangu 1968 katiba yao inaruhusu jeshi kuwasaidia polisi dhidi ya waasi waliojipanga na wenye silaha za kivita, na mojawapo ya mabaraza mawili ya kutunga sheria likitaka jeshi liondoke, linaondoka. Afrika Kusini rais lazima alieleze Bunge upesi sababu, mahali, idadi ya askari na muda.

Kenya inaweza kuanzia hapo. Kifungu cha 37 cha Katiba kinampa kila mtu haki ya kuandamana kwa amani bila silaha. Bunge likirekebisha Sheria ya KDF ya 2012, liandike wazi kwamba aya ya (b) ni ya mafuriko, moto na matetemeko, na haigusi mikusanyiko ya raia. Kwa machafuko, njia iwe (c) peke yake: kura ipigwe kwanza, tarehe ya mwisho itajwe, na ikifika bila kura nyingine askari warudi kambini.