Kuandika null si kufuta

Wiki iliyopita kijana mmoja ninayemfundisha lugha ya programu ya Java alinionyesha swali alilokosa kwenye usaili wa kazi. Mistari minne tu:

String a = "Mwanza";
String b = new String("Mwanza");
a = null;
b = null;

Baada ya mstari wa mwisho, mzoa taka wa Java, yaani sehemu inayosafisha kumbukumbu yenyewe, anaweza kuzoa stringi (vitu vya maandishi) ngapi? Alijibu mbili. Iliniuma, kwa sababu ndivyo alivyofundishwa: ukitaka kitu kitoke kwenye kumbukumbu, kigeu chake, yaani jina linalokielekea, kipe null, maana yake “hakuna kitu”.

Jibu ni moja. Stringi ya b ilizaliwa kwa new na haishikwi na mwingine yeyote, kwa hiyo b ikiachia, inabaki yatima. Lakini ile "Mwanza" ya mstari wa kwanza imeandikwa ndani ya msimbo, na klasi yenyewe, yaani kifungu cha programu chenye msimbo huo, inaishikilia. Java huiweka kwenye hifadhi ya stringi, nakala moja tu, na popote utakapoandika tena "Mwanza" utapewa ileile. Ndiyo maana ==, inayouliza kama ni kitu kilekile, hukubali kati ya stringi mbili za namna hiyo, halafu hukataa new ikiingia. Kigeu a kimeachia, sawa, ila klasi bado imeshika, na kwenye programu nyingi za kawaida klasi haiondoki mpaka programu izimwe.

Mzoa taka hatafuti null. Huanzia kwenye mizizi, kama vigeu vya mbinu (vipande vya msimbo) zinazoendelea kutekelezwa, akafuata viungo kimoja baada ya kingine. Asichokifikia ndicho taka.

Wapo pia wanaosisitiza kwamba kilichoingia kwenye hifadhi ile hakitoki kamwe. Si kweli. Stringi uliyoiingiza mwenyewe kwa intern() huzolewa ikikosa wa kuishika. Nadhani hofu hiyo ni mabaki ya enzi za Java 6, ambapo HotSpot, mashine inayoendesha programu za Java, iliweka hifadhi hiyo PermGen, eneo lenye kikomo chake; likijaa, programu inaanguka. Java 7 ya mwaka 2011 iliihamishia hipu, eneo kuu la kumbukumbu wanamokaa vitu vingine, na Java 8 ya 2014 ikaiondoa PermGen kabisa.

Walimu wenzangu, tuanze na swali la nani bado ameshika. Mimi na kijana yule tulichora kwenye karatasi: visanduku viwili, mishale mitatu. Akafuta mshale wa b, akafuta wa a, kisha akaweka kidole kwenye ule uliobaki, unaotoka kwenye klasi.